Mageni amemwita baba mkwe "bosi"

Mwahija, acha unachopika usome hii. Mageni wa Nelly amekuja leo Kolandoto kujitambulisha kwa mzee.

Nelly alimfundisha njia nzima tangu Kharumwa: ukiingia unainama, unasema shikamoo baba, halafu unanyamaza mshenga aongee. Kijana akaitikia vizuri kabisa.

Kafika mlangoni, kamwona mzee kwenye kigoda, kanyoosha mkono: "Mambo vipi, bosi."

Bosi. Kamwambia mkwe. Nelly alitamani ardhi ipasuke aingie.

Unajua kule machimboni anakofanya kazi kila mtu ni bosi: mnunuzi wa dhahabu, muuza chapati, mpaka mchungaji wa kanisa. Mdomo umeshazoea.

Mshenga akakohoa. Mjomba Adam naye, mwalimu asiyejua kunyamaza, akaanza kufundisha: neno hilo Waingereza walilitoa kwa Waholanzi, maana yake bwana anayesimamia kazi za watu.

Mzee kasema, "Ahaa. Kwa hiyo huyu hakufuata mke. Amekuja kuomba kazi."

Nelly anasema aliona ndoa imeota mbawa.

Mzee kamwita Mageni nyuma ya nyumba, kampa sururu. Shimo la choo kipya lilikuwa linasubiri mchimbaji tangu masika.

Mwahija, ameingia na shati lake la ukweni. Saa hii udongo unaruka tu, mzee amekaa pembeni anatabasamu, anasema mkwe anajua kuchimba.

Nelly kampelekea maji, kachungulia shimoni, kamuuliza kama amechoka.

"Hapana, bosi."