Lenzi Isiyoona Karibu

Jumapili

Shemeji amekuja tena kuulizia picha ya marehemu dada yake, ya kuweka kwenye msalaba wa kaburi. Nyuso za mabibi harusi wa nusu ya mtaa wa Majengo ninazo. Ya mke wangu sina.

Lenzi hii ndefu niliichagua kwa sababu padri hataki sisi wapiga picha tusogelee altare. Kutoka mlangoni inavuta hadi kope. Aliye karibu inamtia ukungu.

Kwenye harusi moja kule Mpui, mke wangu Anjela alikuwa ananishikia mwavuli. "Nipige na mimi, Baba Neema."

"Uko karibu mno. Rudi nyuma."

"Nirudi mpaka Wampembe, kule ziwani?" Akacheka. Nikapiga hivyohivyo, kivivu, nikawageukia maharusi.

Leo nimemwonyesha shemeji picha hiyo. Ameitazama sana.

"Huyu ni nani?"