Ng'ombe wa Mahari Miguu Juu

Cicily weh, tumetoka Majimbo kwa kina Njoki kupatana mahari sasa hivi na mbavu bado zinaniuma kwa kucheka.

Si unajua ndugu yangu Kiogora, bwana harusi wetu, hataki programu ya mtu mwingine? Ng'ombe wa mahari bado wako kwetu Kianjai, akaleta picha zao kwa kompyuta. Programu ameandika mwenyewe, inachora picha nukta kwa nukta, na mistari ameianzisha chini badala ya juu. Eti aliijaribu na picha ya chungwa, duara tupu.

Ng'ombe wote miguu juu. Miguu juu, Cicily.

Babake Njoki akavaa miwani. "Hapa hatupokei mizoga."

Kiogora, jasho tiririri, akapindua kompyuta yenyewe.

Mzee akatazama weee. "Kumbe wamefufuka. Anayefufua ng'ombe hatashindwa kuongeza wawili."