Kifaa Rahisi cha Kujifunzia Kimenishinda

Jumamosi, Mwiki. Baridi ya Julai imeingia hadi ndani ya nyumba, na mimi roho iko chini kabisa.

Jumatatu natakiwa Thika, kwa fundi mmoja anayetengeneza mizani za kielektroniki. Alisema nikimwonyesha programu niliyoandika mwenyewe, inayosoma kifaa chochote cha USB, atanipa kazi. Tangu nimalize chuo hakuna mwingine ameniambia hivyo. Mama ameshatangazia wenzake wa kanisani.

Fundi alinishauri nianze na kitu rahisi. "Tafuta maus kuukuu ya kompyuta, kijana. Vitufe viwili na gurudumu, basi." Nikaona ananichukulia mtoto. Aki kiburi! Nikachagua kibodi, eti ndiyo itaonyesha najua kazi.

Lakini nina kibodi moja tu. Ile ya laptopu ilimwagikiwa chai ikaharibika, kwa hivyo naandikia hii ya kuchomeka. Na ndiyo hii hii nikaamua kuisoma.

Sasa, kompyuta hukishikilia kifaa yenyewe, na programu yako haiwezi kukisoma kabla haijakiachilia. Nikaiamrisha iachilie kibodi. Ikatii. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, wapi! Siwezi kuandika hata herufi moja ya kuirudisha.

Ngai, nilishikwa na hofu. Betri ya laptopu ilikufa zamani, inaishi kwa waya wa stima tu. Nikang'oa waya ili izime iwake upya.

Ilipowaka tena, faili ya programu, iliyokuwa bado wazi nilipokata stima, ilikuwa tupu. Nyeupe pe. Kazi ya wiki nzima, na sikuwa nimeweka nakala popote.

Nikampigia fundi. Aliposikia yote, akauliza, "Si ungechomoa tu hiyo kibodi uichomeke tena?"

Kuchomoa na kuchomeka, na kompyuta ingeishika tena. Basi.

Hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alisema tutaonana Jumatatu, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kumaliza simu.

Nimejaribu kuanza upya jioni hii, kichwa kimekataa. Najiona mtu bure kabisa. Labda hii kazi si yangu, labda nilijidanganya miaka yote ile chuoni.

Mama amepita hapa sasa hivi, hajui lolote. Amepiga pasi shati langu jeupe na kulitundika mlangoni lisikunjike, huku akiimba.

Nitalivaa niende kuonyesha nini?