Kichwa Changu Kimerudi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya duka la rangi,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo, mdogo wangu? Wote hapo kwako hawajambo? Shemeji vipi? Mapacha wameacha kugombania kiti cha dirishani? Na mgongo wako je, ule uliokusumbua wakati wa baridi? Mimi ni mzima. Lisome tena hilo neno, maana siku hizi nalitamka kwa raha zangu zote: mzima, kuanzia kichwani.

Najua barua zangu zilikauka. Usininunie. Nilikuwa na sababu, na leo nakumwagia yote, ila kaa kitako kwanza.

Unakumbuka siku ile uliyonipigia simu nikakuita kwa jina la marehemu shangazi, ukacheka? Nami nilicheka. Simu ilipokatika nilikaa chini, mgongo kwenye meza ya kukatia, nikalia kama mtoto. Mama naye alianza hivyo hivyo. Wewe ulikuwa mdogo, hukuona mwanzo wake. Kwanza vilimtoka kichwani vipimo vya wateja, halafu njia ya sokoni, mwishowe sisi wenyewe, mmoja mmoja. Nikasema basi, zamu yangu imefika.

Na unanijua nilivyo na kiburi. Tangu mama aliponishikisha mkasi sijawahi kuandika kipimo cha mtu. Napima mara moja, naweka kichwani, mteja anakwenda zake. Ndivyo alivyofanya yeye, na mimi nilijivunia hilo kuliko cherehani yenyewe.

Sasa sikia kioja. Mwezi wa pili nilikata suruali mbili kwa siku moja, moja ya mwalimu wa kwaya, yule mwembamba anayepita mlangoni bila kuufungua vizuri, nyingine ya mwokaji mikate wetu, mwenye kitambi chake. Kila mmoja nikampa kiuno cha mwenzake! Mwalimu, kwa kuniamini, hakujaribu. Siku ya tamasha la shule akajibana na mkanda, akapanda jukwaani. Wimbo wa kwanza haukuisha, mkanda ukalegea. Nyimbo tatu zilizobaki aliongoza kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia suruali. Wazazi walishangilia kweli kweli, wakidhani ndio mtindo mpya.

Mwokaji naye suruali ilimkataa kiunoni. Alidhani amenenepa! Wiki tatu nzima nilimwona akipita dirishani kwangu asubuhi anakimbia, anatweta, ananipungia mkono kwa aibu, na mimi nampungia, nampa na moyo. Kumbe anayemtesa ni mimi.

Watu walicheka, mimi nikanywea. Nilimwambia mume wangu kwamba nikimaliza sare za shule nauza cherehani. Alitoka nje, akaliosha lori lake mara mbili.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja, mteja wangu. Alikuja kushonewa gauni la kazi. Nilimpima kiuno mara tatu, na kila nikigeuka kuchukua chaki, namba imeyeyuka. Mara ya tatu akaniangalia, kisha akainama akachungulia chini ya meza, kwenye safu ya chupa za soda.

"Dada, hizi za lini?"

"Za jana na leo."

"Na chakula?"

"Hicho ndicho chakula."

Ndugu yangu, niseme uongo ili iweje? Tangu binti yangu aolewe, na baba yake yuko njiani na lori siku tano kwa wiki, niliona tabu kubandika sufuria kwa ajili ya mdomo mmoja. Asubuhi chai ya vijiko vinne vya sukari na biskuti. Mchana soda na chipsi kutoka kioski cha Mzee Baridi hapo mkabala. Jioni keki, na soda ya kuisindikiza keki. Usiku nageuka geuka kitandani, asubuhi nina kichwa kizito na hasira za bure.

Muuguzi hakunihubiria. Kesho yake alinishika mkono mpaka zahanati. Daktari, msichana wa umri wa binti yangu, aliniuliza habari za mama, akanipima damu, akanitajia maneno matano niyashike: ndoo, mlango, njiwa, chungwa, kiatu. Tukaongea mengine kidogo, akataka nimrudishie. Nikampa mlango na kiatu, nikamwongezea kifungo, ambacho hakukitaja kabisa; ikabidi anirudie yote matano.

Alinieleza kwa upole. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda, ingawa haijawa ugonjwa. Akasema ubongo nao unaishi kwa kile tunachomeza, na mtu akishinda kwa sukari na mafuta, tena halali vizuri, hata kumbukumbu na furaha hupungua. Hakuniahidi kitu. Kama ni ule ugonjwa wa mama, alisema, muda utatuonyesha. Badilisha chakula, tembea, lala, urudi baada ya miezi mitatu.

Wiki ya kwanza, we acha tu! Kichwa kiliniuma, nikagombana na kila kiumbe, hata redio niliirushia kastabini yangu ya kidoleni. Lakini nikapika: maharage, mboga za majani, samaki, na maji ya kunywa mpaka nikachoka kwenda msalani. Mume wangu akaanza kuninunulia kabichi njiani, sasa lori zima linanuka kabichi. Mzee Baridi alikuja mwenyewe kuuliza kama nimemhama. Nilipomweleza alisikitika siku mbili, ya tatu akaanza kuchemsha mayai. Sasa ananiuzia mayai na ndizi, na anajigamba kwamba amenitibu yeye.

Jumatano nilirudi kwa daktari. Akanitajia maneno matano mapya. Nilimrudishia yote, kwa mpangilio wake, halafu nikamshushia na yale matano ya mwanzo, kuanzia ndoo! Alicheka mpaka akavua miwani. Kasema dalili za ugonjwa wa mama hazioni, ila atanipima kila mwaka. Nilitoka pale nikamkumbatia bawabu, maskini, akabaki ameduwaa.

Cherehani haiuzwi. Siku hizi vipimo naviandika kwenye daftari, kiburi nimekiweka kando. Zile suruali mbili nimezishona upya. Ya mwokaji ilibidi niipunguze kutoka kipimo chake cha zamani, maana zile mbio zimemkondesha kweli.

Nisalimie shemeji, mapacha, na mama mkwe wako mwenye utani. Binti yangu anakusalimia, mume wangu pia, pamoja na kabichi zake. Mungu awalinde, awape afya na usingizi mtamu.

Kabla sijafunga bahasha, kuna jambo sijakwambia. Ile wiki ya suruali nilikuandikia barua nyingine. Ilikuwa ya kukuaga, mdogo wangu. Nilitaka uwe nayo mapema, imeandikwa na mtu ambaye bado anakujua. Ilikaa ndani ya droo ya cherehani miezi yote hii, stempu imeshabandikwa. Leo asubuhi nimeichana, nikakaa hapa kukuandikia hii.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukujua.