Hatua Ishirini Siyo Mita Ishirini

Alhamisi. Jua kali tangu saa mbili asubuhi, umeme umekatika mara mbili hapa Kirumba, na hasira zangu zote leo zinamwelekea mtu mmoja.

Mimi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Wateja hunisifu kwamba sikosei hata sentimita. Basi nimemchorea mama yangu mzazi nyumba kule Nansio, ng'ambo ya ziwa, na nyumba imegoma kuingia kwenye kiwanja.

Saa nne Fundi Masatu alinipigia simu. Alikuwa ameshapigilia vigingi na kuvuta kamba ili achimbe msingi. "Dada, nyumba yako imeingia kwenye mihogo ya Mzee Mafuru, jirani," akasema. Nikamjibu kwa ukali kwamba mchoro hauna kosa, tepu yake ndiyo iliyochoka, apime upya. Maskini akapima upya. Kiwanja kimepungua mita tatu na nusu kwa upana.

Nikatoa karatasi ya mauziano kwenye faili. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: hatua ishirini kwa hatua thelathini. Hatua! Muuzaji alitembea, mashahidi wakahesabu, wote wakatia sahihi. Kwetu viwanja vingi vinanunuliwa hivyo, na kila mtu anajua kwamba hatua ni ya miguu ya aliyetembea. Muuzaji mwenyewe, mama alinisimulia, ni mzee mfupi, tena siku hiyo alitembea kama aliyebanwa na kiatu. Na mimi msomi nikaenda kuandika mita kwenye kompyuta.

Ila hilo siyo linaloniuma zaidi. Ngoja niliseme, maana nisipolisema leo sitalisema tena.

Nilihakiki. Nilifungua ramani ya satelaiti, nikaweka nukta kwenye kona ya kiwanja, nikavuta mstari hadi mpaka wa pili. Ikasoma kumi na sita na nusu. Nikajiambia picha imefifia, mti umefunika mpaka. Nikaisogeza nukta kidogo. Nikaisogeza tena. Ilipofika ishirini nikaridhika, nikaendelea na kazi.

Nukta ilikuwa katikati ya mihogo. Kijani chake nilikiona kabisa.

Ningeweza kupanda meli Jumamosi yoyote nikashika tepu kwa mkono wangu. Mama ameniuliza mara tatu nitakwenda lini kupaona, na mara zote tatu nimemjibu kwamba napaona kwenye simu. Naona aibu hata kuandika.

Nyumba yenyewe inajengwa kwa sababu ya magoti yake. Masika iliyopita aliteleza akienda choo cha nje, akakaa kwenye tope mpaka mke wa Mzee Mafuru alipomsikia. Ndiyo maana nikamchorea chumba chenye choo ndani, hatua chache tu kutoka kitandani.

Mchana nikampigia. Shikamoo yangu ilitoka kwa shida. Nilitaka anigombeze, walau moyo utulie. Hakunigombeza, alikuwa ameshaelewana na fundi.

"Marahaba, mwanangu. Nimemwambia Masatu akate chumba changu. Sebule yako aiache, umeichora vizuri. Mimi kitanda kikiingia inatosha. Choo cha nje nimekizoea."

Chumba chake ndicho kilicho upande wa mihogo. Ukikata mita tatu na nusu pale, choo chote kimekwenda, na sebule kubwa inabaki. Sebule ambayo, tukisema kweli, niliichora ili wageni waulize ramani hii kachora nani.

Nimemwambia Masatu aweke jembe chini na ang'oe vigingi vyote. Nitaanza kwa Mzee Mafuru kumwomba radhi, halafu nitapima kwa tepu, kona hadi kona, nikiwa nimesimama juu ya udongo. Mchoro mpya utaanzia kitandani kwa mama hadi chooni kwake. Sebule itachukua kitakachobaki, hata kama ni viti viwili.

Kabla ya kukata simu mama aliuliza tena, taratibu kama kawaida yake, nitakwenda lini kupaona. Hiyo ni mara ya nne.

Kesho, mama. Begi liko mlangoni, tepu iko ndani.