Msiba Nilioukosa kwa Ajili ya Chipukizi

Nkuhungu, Dodoma

Dada yangu Skola,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Goti limepona, au bado unapanda mlima kwenda shamba la kahawa ukichechemea huku unasema "si kitu"? Na mama, lile sikio la kulia linasikia? Mimi na mume wangu tu wazima kwa rehema za Mungu. Upepo wa huku unatupa vumbi mpaka kwenye sufuria, lakini jiko la kantini kule Mtumba bado linanipa riziki.

Nimeona niandike, maana kwenye simu ungenikatiza, nawe unajijua. Ile siku uliponipigia ulicheka sana ukisema wifi yetu Bertha amekataa kujiunga na sarafu ya Chipukizi, na kwamba ninyi wapanzi wake wa huko mmekubaliana kumwacha peke yake mpaka akili imrudie, hata kahawa asisaidiwe kuchuma. Nikacheka na wewe. Nilipokata simu nikakaa kwenye kigoda, nikashindwa kumenya vitunguu. Sarafu hiyo ni mimi niliyekuletea, na huo mtindo wa kumwacha mtu peke yake pia umetoka kwetu. Sasa nisikilize mpaka mwisho.

Unamkumbuka Mama Chilewa ninayekutajia kila mara, yule jirani Mgogo aliyenipokea nilipofika huku sijui hata pa kuchota maji? Ndiye aliyenifundisha kupika mlenda. Kwake nilikuwa siingilii mlango wa mbele. Napitia uani moja kwa moja jikoni, naonja mboga, naongeza chumvi bila kuomba.

Basi Chipukizi ililetwa kwenye jumuiya yetu na Festo, karani mmoja anayesali nasi. Alisema ni fedha ya kwenye simu, unainunua ikiwa changa, unangoja ikue. Akafungua kundi la simu. Kila asubuhi anaweka neno la Biblia, chini yake bei, nasi tunaandika "Amina." Sisi tuliitwa wapanzi. Mwenye maswali aliitwa gugu.

Jumamosi moja jumuiya ilisali nyumbani kwa Mama Chilewa. Baada ya sala Festo akaanza kumhimiza ajiunge.

"Baba, nyie kila siku mnashangilia kupanda," Mama Chilewa akamwambia. "Nani amekwisha kula?"

"Mavuno yana wakati wake, mama."

"Na mimi nina umri wangu. Nionyeshe mmoja tu aliyeshiba, nauza mbuzi leo hii."

Festo akatabasamu. "Magugu nayo hustawi, ila mwisho wake tunaujua."

Tukacheka. Ndani ya nyumba yake, chai yake ikiwa mikononi mwetu. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshawaingiza watu, nawe ukiwamo, na swali lake lilinichoma. Baada ya hapo hakuna aliyekatazwa kumsalimu. Kila mtu alijikataza mwenyewe.

Ikatokea mama yake mzazi akafariki kule Ihumwa. Unajua kwenye misiba ya jumuiya mimi ndiye mwenye masufuria. Mazishi yakapangwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo hiyo Festo alikuwa ametuita ukumbini, eti sarafu inafunguliwa sokoni na kuna mgeni anatoka Dar. Katibu wa jumuiya akaweka tangazo la msiba kwenye kundi. Festo akalifuta. Akaandika, "Wapendwa, leo ni siku ya kicheko. Habari nzito tuzipeleke kwingine." Amina zikamiminika. Na yangu imo.

Nilikuwa nimeshajifunga kitenge cha msibani. Mume wangu akaniuliza, "Mama Editha, sasa unakwenda wapi, huku au huku?" Nikamjibu, "Kaburi halihami, nitakwenda kwenye matanga." Ndivyo nilivyosema, dada, kwa kinywa hiki kinachopokea Ekaristi.

Ukumbini tuliimba na kupiga makofi kila bei ilipopanda. Kule Ihumwa, nilikuja kuambiwa, waliopika ni mabinti wa marehemu wenyewe. Wewe fikiri. Mfiwa kushika mwiko! Kwetu Umatengo na huku Ugogo hilo ni jambo moja, hata adui yako humwachii apike msiba wake.

Ya sarafu sitayarefusha. Iliporomoka kabla wiki haijaisha, na aliyetaka kutoa chake akaambiwa mfumo unatengenezwa. Unatengenezwa mpaka leo. Najua huko mnaambiwa ni mapito tu, ongezeni watu bei irudi. Nasi tuliambiwa hivyo hivyo. Festo nilikutana naye sokoni, amekonda, gari hana tena. Akasema, "Mama Editha, nilidhani mimi ni mpanzi, kumbe nilikuwa shamba la watu." Nilimhurumia, kweli.

Basi Jumapili iliyofuata baada ya simu yako, nilitoka misa nikaenda Ihumwa. Mama Chilewa anaishi huko sasa, kwenye nyumba ya marehemu. Nikapitia uani kama zamani. Akatoka jikoni akifuta mikono.

"Ah, Mama Editha! Zunguka mbele, mgeni hapitii huku."

Akanikalisha kwenye kochi. Akatandika kitambaa mezani, akanimiminia soda, akauliza habari za kazi. Nikashindwa kuvumilia, nikapiga magoti. "Mwenzangu, nimekukosea."

"Nilishasamehe," akasema, akaniinua. "Ningesalije Baba Yetu? Kunywa soda, isije ikapata joto."

Harufu ya mlenda ikawa inanifikia pale nilipo. Nikainuka nikamsaidie. Akanishika mkono, taratibu kabisa. "Kaa tu, mgeni."

Akanisindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote. Amenisamehe, dada, hilo sina shaka. Ila jikoni kwake sijarudishwa, na sijui kama nitarudishwa.

Nakuomba sasa, nenda kwa Bertha. Usimwite aje kwako, nenda wewe, kabla hajaugua wala kufiwa. Beba kikapu mchume naye kahawa. Kama maneno yatakushinda, chuma tu. Na usimwingize mtu mwingine kwenye Chipukizi. Wenzako wakikuita gugu, itika.

Nisalimie mama, umwambie kwenye sikio linalosikia kwamba namwombea. Nisalimie shemeji kwenye cherehani yake, na katekista mzee aliyetufundisha sala, na watoto wote wa kaka. Bertha mwenyewe nimemwandikia karatasi yake mbali, imo humu ndani. Umpe kwa mkono wako.

Nijibu upesi, dada, uniambie umekwenda.

Mdogo wako,
Anastazia