Fundi wa VPN kwenye Picha za Dada

Shoga, nimechefukwa!

VPN, ile njia ya kuingilia mtandao wa ofisi, ilikuwa imegoma tangu asubuhi kwenye laptop yangu inayotumia Linux badala ya Windows. Fundi wetu wa kompyuta akaomba aingie humo kwa mtandao akiwa mezani kwake. Nikamruhusu. VPN ikakubali, nikaenda kuchota maji.

Narudi, kishale kinatembea chenyewe! Kinakuza picha za dada yangu akinyonyesha. Moja moja! Dada yangu, shoga!

Nikaipiga picha skrini, nikachomoa waya wa mtandao, nikampigia simu. "Ulikuwa unafanya nini humo?"

"Natafuta faili la VPN."

Faili la VPN kwenye kifua cha dada yangu! Mtu mzima hovyo!

Nikamwonyesha bosi ile picha ya skrini. "Msamehe, ndiye pekee anayeijua Linux."

Nikamwuliza, "Na picha za mkeo, utampa huyo fundi azitunze?"

Bosi akanyanyua simu: "Fundi, njoo urudishe funguo zote za ofisi."